Tabora Arobaini

Tarehe kumi na moja Februari mwaka jana, alasiri, mke wangu alifariki katika hospitali hapa Mpanda mjini. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda chake. Binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, alikuwa ndani ya ndege akija kumwona. Hakumkuta.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli, na mvua zikianza nalima mahindi na karanga upande wa Katumba. Sijawahi kupanda ndege. Lakini kwa miaka mingi sasa habari za ndege zimekuwa mazungumzo ya kawaida nyumbani kwetu, kwa sababu binti yetu anaishi Winnipeg, mji wa Kanada. Mumewe ndiye aliyetangulia kupata kazi huko. Binti alipomfuata akapata kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba wanakotunzwa. Mke wangu alipenda kusema kwamba tumesomesha mtoto akaogeshe mama za watu. Akishacheka, anaongeza, "Na awaogeshe vizuri."

Mke wangu alikuwa Mkonongo, kwao ni Inyonga. Alikuja kwangu na desturi moja aliyoipata kwa mama yake, nayo ni hii: mtu wa nyumbani akisafiri, nje hapafagiwi mpaka habari zije kwamba amefika. Ukifagia mapema unafuta nyayo zake, na mtu asiye na nyayo nyumbani atarudije? Mimi ni Msukuma, na kwetu nako kuna kitu kama hicho, lakini kwetu ukipita usiku mmoja watu wanafagia. Yeye hakuwa na habari ya usiku mmoja. Alisubiri habari.

Zamani haikuwa shida. Safari zetu zilikuwa za treni kwenda Tabora. Mtu anaondoka leo, kesho amefika, anapiga simu, fagio linatoka. Shida ilikuja binti alipoanza kupanda ndege kwenda mbali. Mara ya kwanza alipoondoka, majani ya mpera yalijaa mlangoni, kuku wakachakura, na mke wangu, ambaye nje yake ilijulikana mtaa mzima kwa usafi, akawa anapita juu ya uchafu kama hauoni. Majirani wakaja kuuliza kama anaumwa. Akawajibu kwamba haumwi, ila mtu wake yuko angani.

Siku ya pili tangu aondoke mvua ilinyesha, nyayo zikaondoka zote. Nikamwambia sasa hakuna cha kulinda, afagie tu. Akanitazama.

"Mvua ni ya Mungu," alisema. "Fagio ni langu."

Binti alipokuja likizo, mama yake alimkalisha jikoni akamtaka amweleze vizuri ni umbali gani kutoka uwanja wa ndege wa Mpanda mpaka uwanja wa ndege wa kwao. Binti akatazama kwenye simu. Ikasema ni kilomita elfu kumi na tatu na kidogo. Namba hiyo haikumwambia mama yake kitu. Kwake yeye mbali ilikuwa Tabora. Mimi nikasema nitamsaidia, kwa sababu nilipokuwa kijana tulitoka Kahama na ng'ombe wa baba kwa miguu mpaka tukaingia huku, kwa hiyo naujua umbali kwa unyayo. Nikaanza kupiga hesabu ya mwendo wa ng'ombe.

"Kwa ng'ombe wako mtoto atafika ameota mvi," mke wangu alisema. "Hesabu kwa treni."

Nikatoka nje na kijiti, nikachora chini, nikagawanya. Akanigombeza kwamba namchafulia nje yake. Lakini jibu alilitaka. Ilitoka kama safari arobaini za treni, Mpanda mpaka Tabora. Akasema Tabora arobaini si mchezo, ila zinahesabika. Tangu siku hiyo hicho ndicho kilichokuwa kipimo chetu. Binti akiwa safarini, akipiga simu kutoka Addis Ababa anakobadilisha ndege, mama yake ananiuliza zimebaki ngapi. Nakisia, namwambia. Anarudi kwenye shughuli zake.

Alipoanza kuumwa mwaka jana, tulidhani ni malaria. Siku tuliyompeleka hospitali alitembea mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Alikuwa amevaa kandambili zake za bluu, akishika ukuta kwa mkono mmoja. Kabla ya kupanda aligeuka, akatazama nje yake, akaniambia, "Mzee, usije ukafagia. Na mimi ni msafiri."

Nilicheka. Yeye pia alicheka.

Daktari alipotuambia hali halisi, nilimpigia binti. Akakata tiketi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tukaanza tena kuhesabu, safari hii kitandani. Kila akiamka anauliza amefika wapi. Jirani yetu mmoja, mama mwema aliyekuwa akituletea uji, alinivuta pembeni akanishauri nimwambie mgonjwa kwamba mtoto keshafika Dar es Salaam, ili moyo wake utulie. Nilimshukuru. Lakini nilijua nikimdanganya atajua, kwa sababu tulikuwa tumeishi pamoja tangu ujana na sikuwahi kumdanganya akaamini.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho aliuliza tena. Nikamwambia ndege imetoka Toronto, iko juu ya bahari.

"Zimebaki Tabora ngapi?"

Nikakisia. "Ishirini na kitu."

"Ishirini nyingi," alisema.

Akafumba macho kama mtu anayetaka kulala. Baadaye aliomba maji, akanywa kidogo. Hakuuliza tena.

Jioni binti alitua Addis, akapiga simu. Hakusalimia. Aliuliza, "Baba, mama yupo?" Nikamwambia, "Hayupo, mwanangu." Nilisikia watu wengi wakiongea nyuma yake, na tangazo la uwanja wa ndege kwa lugha nisiyoijua. Akasema amesikia, anakuja. Simu ikakatika.

Alichelewa tena Dar es Salaam kwa sababu ndege ya Mpanda haikuwepo siku hiyo. Tukamsubiri. Hakuna aliyenung'unika, ndugu wala watu wa kanisani. Wote walisema mama huyu alimsubiri sana mwanawe, na sisi tumsubiri. Alifika, akamwona mama yake, tukazika siku hiyo hiyo. Alirusha udongo kwa mikono miwili.

Sasa nieleze habari ya nje.

Msiba ukiwa kwako, watu wanalala nje, moto unawashwa, chakula kinapikwa kwenye masufuria makubwa. Pale mbele ya nyumba palikuwa na majivu, maganda ya ndizi, mabaki ya wali, majani ya mpera, na kila aina ya kiatu kilikuwa kimepita. Siku ya kuanua matanga ndipo wanawake hufagia kote, majivu yakazolewa, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Siku ilipofika wanawake walikuja na mafagio. Nikawaomba wasifagie. Niliwaambia mke wangu alinikataza. Wakatazamana. Wakazoa majivu na mabaki ya chakula kwa mikono, kwa heshima, wakaondoka na mafagio yao.

Dada yangu mkubwa hakuondoka. Alikuwa amekuja kutoka Kahama. Ni mwanamke anayepanga masufuria kwa ukubwa hata akiwa mgeni. Alinipa siku moja, halafu akaniita.

"Msiba gani huu, nje kama zizi?"

Nikamweleza desturi ya wifi yake. Alikuwa anaijua, kwa sababu walikuwa wameshagombana juu yake zamani. Nikamwambia pia maneno aliyoyasema kwenye bajaji.

"Binti yako atafika kwake na atapiga simu," dada alisema. "Sawa. Na wifi yangu je? Yeye nani atapiga simu kwamba amefika?"

Sitaki kusema hapa kwamba jibu la swali hilo nililipata, hata baadaye. Nilijua pia kwamba nyayo zake hazikuwepo tena. Zilikanyagwa siku ya kwanza tu ya msiba, na watu waliokuja kunipa pole. Nilishatafuta alama ya kandambili karibu na ukuta alipopita, sikuona. Lakini fagio sikuweza kulishika.

Binti alikuwa ameketi kizingitini akisikiliza. Akamwambia shangazi yake kwamba huko Winnipeg mume wake naye hajafagia tangu alipoondoka. Alimkataza siku nyingi, kila anaposafiri asiwashe ile mashine ya kufyonza vumbi mpaka asikie amefika. Safari hii alipotua Mpanda alisahau kumwambia kwa sababu ya msiba, kwa hiyo mwanamume wa watu bado anakaa katikati ya vumbi na makombo ya mkate akingoja ruhusa.

Dada yangu alicheka mpaka akashika kiuno. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka pale nyumbani tangu mazishi. Akampigia mkwe mwenyewe, akampa ruhusa, akamwita mwanamume wa kweli. Kisha akanigeukia na hukumu yake. Binti anasafiri Jumanne kurudi kazini. Dada atangoja afike, halafu atafagia kote, mwenyewe, ndipo apande treni arudi kwake. Baada ya hapo hataki kusikia habari ya nyayo za mtu yeyote.

Alitaka kujua tu ni muda gani. Akamwambia binti aulize simu. Simu ikasema kutoka Mpanda mpaka Winnipeg kwa ndege ni kama masaa kumi na sita na nusu. Binti akajaribu kumweleza kwamba simu inapima kama mtu aliyevuta kamba kutoka uwanja huu mpaka ule, na hakuna ndege inayokwenda hivyo. Yeye atakwenda Dar es Salaam akae, Addis akae, Toronto akae, ndipo apande ya mwisho. Dada hakutaka kuchanganywa. Simu imesema, na simu ni ya kizungu, haina sababu ya kumdanganya. Jumatano asubuhi atafagia, na treni ya siku hiyo atapanda.

Jumanne tukampeleka binti uwanjani. Pale Mpanda msindikizaji anaishia mlangoni, kwa hiyo tulisimama nje ya uzio mpaka ndege ikaruka. Alikuwa ameomba khanga moja ya mama yake. Aliivaa mabegani juu ya koti zito ambalo kwa joto letu lilimfanya atoke jasho. Tuliporudi nyumbani, alama za viatu vyake zilikuwa wazi mlangoni, soli zenye meno ya kukanyagia theluji. Dada alizitazama, akazikwepa alipopita. Nilimwona.

Jumatano asubuhi nilimkuta amejifunga khanga kiunoni, fagio mkononi. Nikamwambia bado. Binti alikuwa ametuma ujumbe kutoka Addis kwamba wanapanda ndege ya Toronto, basi. Dada akasema masaa ya simu yamekwisha. Nikamwambia masaa yamekwisha lakini mtoto hajafika. Alisimama na fagio lake muda mrefu, akitazama juu kana kwamba angemwona anapita. Halafu akaliegemeza ukutani, akaenda kuchambua maharage. Treni ikaondoka bila yeye. Tuliisikia honi tukiwa tunakula.

Mchana mvua ilinyesha, ile ya Februari isiyo na salamu. Maji yakapita mbele ya mlango, yakabeba majani, yakabeba na zile alama za meno. Ilipokatika tulisimama mlangoni wote wawili. Nje palikuwa pamelowa na kulainika, hapana alama ya mtu. Nilijua dada atasema mvua imeshafagia kwa niaba yake. Ndivyo nilivyosema mimi mwaka ule binti alipoondoka mara ya kwanza.

Dada akasema, "Uchafu wote umekuja mlangoni." Akaingia ndani. Fagio hakuligusa.

Jioni simu haikulia. Usiku haikulia. Kulipopambazuka Alhamisi nilijaribu kupiga, sikumpata. Nikampigia mkwe, naye hakupatikana. Nikakumbuka kwao bado ni jana usiku, mtu amelala. Mke wangu alikuwa akisema binti yetu anaishi jana, kwa hiyo tukitaka kumwonya jambo tunaweza kumwahi. Nilikaa kwenye benchi langu la kazi na gurudumu la mteja mikononi, nikikaza spoku zilezile na kuzilegeza. Nilijiambia kwamba ndege zinaruka kila siku. Lakini nilikuwa nimetoka kuzika, na mtu aliyetoka kuzika haamini sana mambo ya kila siku.

Ndipo jirani yetu, yule mama wa uji, akaja na fagio lake begani. Aliona huruma, mzee mgane na uchafu wote ule. Akainama, akapiga fagio mara moja karibu na mpera.

Dada alitoka ndani kama ameitwa.

"Mama, acha. Mtu wetu yuko angani."

Jirani akashtuka, akaomba msamaha. Dada akamshika mkono, akamkalisha, akamweleza yote tangu mwanzo: Tabora arobaini, Addis, kamba inayovutwa, na jinsi simu isivyojua kitu kuhusu kusubiri. Alieleza kama jambo alilolijua tangu utoto. Mimi nilikuwa na gurudumu langu, sikuingilia.

Alhamisi mchana mkwe akapiga. Theluji ilikuwa nyingi, ndege ya mwisho ya kutoka Toronto ilizuiwa, na binti alikuwa amekaa uwanjani kwenye kiti, simu ikiwa imeisha chaji. Aliazima simu ya mtu kumwambia mumewe. Yuko salama, ila hajafika. Nilimwambia dada. Akauliza Toronto mpaka kwake ni Tabora ngapi. Nikakisia, kama tano.

"Tano si nyingi," alisema, akaenda kuweka chai.

Ijumaa alfajiri, tukiwa tumekaa jikoni, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya binti mwenyewe, imekauka kama ya mtu mwenye mafua. Alisema amefika. Yuko mlangoni kwake, bado hajavua koti, na mumewe amesimama mbele yake ameshika ile mashine ya vumbi, anauliza kama awashe. Nilimpa pole ya safari. Tulisalimiana vizuri sasa, kwa utaratibu, kama watu. Dada akampa pole, akamwambia ale kitu cha moto. Halafu akanirudishia simu.

Binti akauliza:

"Baba, mmefagia?"

"Bado."

"Fagia," alisema. "Fagia nyayo zote, baba."

Nikasema nimesikia.

Palipokucha dada alichukua fagio pale ukutani. Nilidhani ataanza, maana ndiyo yalikuwa makubaliano. Akaninyoshea mimi.

"Aliyekatazwa ni wewe," alisema.

Nikafagia. Nilianzia mlangoni, nikafuata ukuta ule alioushika akienda kwenye bajaji, nikazunguka mpera, nikamalizia njiani. Dada alinifuata nyuma akinisema kwamba nashika fagio kama jembe na naacha mistari. Jirani alitoka akatusalimia, akaona, akarudi ndani. Takataka nilizikusanya kwenye karai, nikazimwaga shimoni nyuma ya nyumba. Nilichelewa kufungua kazi siku hiyo.

Jumamosi nilimsindikiza dada stesheni na mabegi yake na debe la karanga nililompa. Dirishani aliniagiza nile, nisinywe chai peke yake nikaita chakula. Treni ikaondoka. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli. Usiku upepo ulivuma, na asubuhi ya Jumapili majani ya mpera yalikuwa yameshaanza kutanda tena mlangoni, juu ya alama za kandambili za dada.

Simu ikalia nikiwa navaa viatu vya kanisani.

"Nimefika Tabora," alisema. "Natafuta basi la Kahama. Umefagia?"

"Bado."

"Ngoja nifike," alisema, akakata.